Nimerudi safarini, kila mtu ananidai habari

Shangazi, shikamoo.

Naandika usiku kwa sababu usingizi umenikataa tena. Karibu mwaka mzima nimekuwa mtu wa njiani, na haikupangwa hivyo. Nilianza na safari ya kikazi ng'ambo, mafunzo ambayo yalikuwa yaishe mapema yakawa yanasogezwa mbele kila tukikaribia kufunga. Nilipotoka huko binamu yangu akaolewa mbali na nyumbani, nikawa msimamizi wake. Kabla sijapumzika, wenzangu wa kazini wakanishawishi kupanda mlima, mimi ambaye ngazi za ofisini tu zinanitoa pumzi. Nilifika kileleni, Shangazi, nikalia mbele za watu bila aibu. Tulipoteremka tukakaa kambini kando ya ziwa, mbu wakatufanyia karamu, halafu tukaelekea baharini nikajifunza kupiga mbizi kwa mtungi. Tangu utotoni maji yakinifika kiunoni huanza kutafuta ufuo, safari hii nilikaa chini kabisa natazama samaki wananipita kama sipo. Katikati ya hayo yote gari letu lilikwama matopeni usiku kucha, na begi langu likapelekwa bara jingine bila mimi.

Nimerudi wiki kadhaa sasa, ila sijatulia. Begi lipo nyuma ya mlango, nusu limefunguliwa. Simu imejaa picha mpaka inakataa kupiga nyingine. Ofisini wanataka risiti. Kila anayeniandikia "tupe habari" namjibu "nitakusimulia yote tukikutana", na nimeshaahidi watu wengi kiasi kwamba sasa nawakwepa. Nikaona heri niandike kila kitu kwa mpangilio tangu siku ya kwanza, niwatumie wote kwa mpigo. Nimejaza kurasa na bado sijatoka uwanja wa ndege!

Nyumbani penyewe naona pamesimama palepale. Juzi tukiwa mezani nilianza kusimulia kilele kile na lile jua lilivyochomoza chini yetu. Dada yangu akauliza viatu nilinunua au niliazima, kisha wakahamia kwenye tangi la maji linalovuja. Mjomba alikuwa anachezea simu.

Linaloniuma zaidi ni rafiki yangu wa tangu shule. Nikiwa mlimani alinitumia ujumbe wa sauti mrefu, mama yake alikuwa amelazwa. Nilisikiliza nusu, mtandao ukakatika. Nilipopata mtandao nikamtumia "pole sana, nitakupigia" na ile mikono iliyokunjwa. Mambo yakaingiliana. Sasa nikimwandikia anajibu neno moja. Mara ya mwisho nilimwambia nina mengi ya kumhadithia, akasema, "Wewe siku hizi ni wa kuangaliwa tu kwenye stetasi." Kweli hiyo ni haki? Mtu akifurahi, marafiki si wafurahi naye?

Nimepanga niwaite wote siku moja, familia na marafiki na yeye pia, niunganishe simu na televisheni niwaonyeshe picha zote, deni liishe. Unaonaje?

Mwili nao haujazoea. Tulirudi kwa tofauti ya saa saba na nadhani bado nalipa. Mchana nachoka, usiku naamka nimelowa jasho, siku nyingine kahoma kanakuja kanaondoka. Sijatilia maanani. Halafu kundi lilelile limenialika tena mwezi ujao. Moyo unasema twende.

Mimi mwanao,
Wa Njiani

*

Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani.

Umeniandikia mengi na jambo zito kuliko yote umelitupa mwishoni kama chenji. Hiyo homa. Nakuomba uache kusoma hapa, uende ukapimwe malaria leo, usipitishe kesho asubuhi. Haya mengine yatakungoja.

Usiniambie ni uchovu wa kuvuka majira ya saa. Mwili huzoea majira mapya kwa kadirio la saa moja kila siku, na anayesafiri kuelekea mashariki huteseka kuliko anayeelekea magharibi. Hata nikikuhesabia kwa ukarimu, saa zako saba zilipaswa kuwa zimekwisha baada ya wiki moja na ushei. Wewe una wiki kadhaa nyumbani, unaamka umelowa jasho, na kwa kalamu yako mwenyewe umesema mbu walifanya karamu. Malaria ya falciparum, ambayo ndiyo huua zaidi, huanza kujionyesha kuanzia kama siku 7 baada ya kuumwa, na inaweza kuchelewa wiki nyingi. Ile ya vivax ina ujanja wake: vimelea hulala kwenye ini na kuamka baada ya miezi, wakati mtu ameshasahau hata jina la kambi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka msafiri anayepata homa ndani ya miezi 3 tangu atoke eneo lenye malaria apimwe haraka, bila kusubiri aone kama itapoa yenyewe.

Ukifika kwa daktari, yeye asipouliza ulikuwa wapi, wewe sema. Mtajie ziwa, mtajie tarehe. Daktari anayefanya kazi mahali pasipo na malaria anaweza kukuona una mafua tu, naye hatakuwa na kosa kama hukumweleza. Na kama kwenye mfuko wa mswaki una karatasi ya vidonge vya kinga iliyobaki nusu, mwonyeshe. Watu wengi huacha vidonge siku wanapoingia nyumbani, wakati doksisaiklini na meflokwini hutakiwa kuendelea wiki 4 baada ya kutoka kwenye mbu. Ila hivyo vilivyobaki usivimeze sasa ili kujitibu. Huenda si malaria kabisa, jasho la usiku lina sababu nyingi. Kipimo ndicho kitakachosema.

Sasa tuje kwa rafiki yako. Nimeusoma ule mstari mara kadhaa: "Nilisikiliza nusu, mtandao ukakatika." Je, nusu ya pili umeshaisikiliza? Hukusema. Nina hofu bado ipo kwenye simu yako, chini ya hizo picha zote, na mwenzako anajua ipo. Hizi programu za siku hizi zina alama zinazomwonyesha mtu kama sauti yake imesikilizwa, na mwenye mgonjwa hospitali huangalia alama hizo kuliko anavyoangalia saa.

Unauliza kama ni haki, na kama marafiki hawapaswi kufurahi nawe. Wanapaswa. Lakini yeye alikuwa kwenye benchi la wodi akikuona uko kileleni unacheka, saa chache baada ya kukuambia mama amelazwa. Hakukuonea wivu wa mlima. Alikuwa akingoja simu. Kisha umerudi, na salamu yako ya kwanza ni kwamba una mengi ya kumhadithia. Ningekuwa mimi ningejibu neno moja pia, au nisingejibu kabisa.

Katika barua yako nzima unalia na deni la habari. Mimi nadhani umekosea mwenye deni na aina ya deni. Hao watu hawakudai hadithi za safari. Mtu akikuandikia "tupe habari" mara nyingi ni salamu tu, ukimjibu "nimerudi salama, we mzima?" ameridhika. Unachodaiwa ni kusikiliza mwaka uliopita wa kwao, ambao wewe hukuwepo. Unasema nyumbani pamesimama. Umeuliza nani? Mama wa rafiki yako aliingia hospitali, sijui hata kama alitoka, kwa sababu wewe mwenyewe hukuniambia. Hilo tangi linalovuja ulilolidharau pale mezani, pengine ndilo lililowagombanisha na fundi na likala akiba ya dada yako. Waliobaki nao walikuwa na msimu wao, ila haukuwa na picha nzuri.

Hili si jambo la kizazi chenu cha simu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier huko Moroko aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alitoka kwao mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21. Mwaka 1348, akiwa Damascus njiani kurudi, ndipo aliposikia kwamba baba yake alifariki miaka 15 nyuma. Aliendelea na safari ya kwenda nyumbani, na kabla hajafika Tangier akapata habari kwamba tauni ilikuwa imemchukua mama yake pia. Alikuwa na hadithi za kumtosha kila mtu duniani, na waliokuwa wa kwanza kuzisikia hawakuwepo. Wewe hujachelewa hivyo.

Ndiyo maana sitaki umwalike rafiki yako kwenye televisheni yako. Fanya hivi. Kaa peke yako, sikiliza ile sauti mpaka mwisho, hata kama ni ya zamani na hata kama itakuumiza. Halafu mwandikie maneno machache: "Leo nimesikiliza sauti yako yote. Nilipaswa kukupigia siku ile. Mama anaendeleaje? Naomba nije nikuone, niambie siku gani inakufaa." Usiongeze "nilikuwa mlimani", analijua hilo. Usiongeze "nilikumiss sana". Akikubali, nenda kwake, usimwite kwako. Akianza kusimulia mambo ya wodi, usidakie na "hata mimi kule mlimani hewa ilipungua". Meza hiyo sentensi. Akiuliza za safari, mpe moja fupi, umrudishie zamu. Akikunyima siku, subiri kidogo uulize tena, na wakati huo mpelekee mama salamu moja kwa moja kama mnafahamiana. Inawezekana asirudi kuwa kama zamani upesi. Ana haki hiyo.

Kuhusu shughuli ya picha, jibu langu ni usifanye, na sababu si ya heshima tu. Mwaka 2014 watafiti Gus Cooney, Daniel Gilbert na Timothy Wilson waliwakalisha watu wannewanne. Mmoja alionyeshwa filamu nzuri, watatu wakaonyeshwa filamu ya hivihivi, kisha wakaachwa waongee. Wengi tungedhani aliyeona nzuri ndiye atakayetawala mazungumzo. Kumbe ndiye aliyetoka akijisikia vibaya, maana wale watatu walikuwa na kitu kimoja cha kuzungumzia na yeye alikuwa nje ya duara. Hapo ndipo ulipokuwa juzi pale mezani. Wenzio wote wameishi na lile tangi. Kilele umekiona wewe peke yako.

Watafiti haohao walirudi na kazi nyingine mwaka 2017. Wasimulizi walikuwa na hakika kwamba wasikilizaji watapenda zaidi kusikia jambo jipya wasilolijua. Wasikilizaji wakapenda zaidi kusikia jambo walilokwisha kulionja wao wenyewe. Inaeleweka, mwanangu. Hakuna msimulizi wa kawaida anayeweza kumjazia mtu jua la mlimani kwa maneno pale mezani. Bali kitu anachokijua, msikilizaji hukijazia mwenyewe.

Kwa hiyo acha kuanza na kilele. Anza na kile kitakachomshika huyu aliye mbele yako. Dada yako aliuliza habari za viatu, wewe ukaona amekukatiza. Mimi naona alikufungulia mlango: viatu anavijua. Ungemweleza jinsi ulivyoviazima vikakubana, ukafika usiku wa pili unakata ncha ya soksi kwa wembe ili kidole kipumue, angekufuata mwenyewe mpaka kileleni. Mjomba anayechezea simu, mpe gari lililokwama: magurudumu yalizama kiasi gani, mlitia nini chini, nani alikuwa kwenye usukani na nani aliyetoa ushauri mbovu. Utaona simu inavyowekwa chini. Mwenzio wa ofisini aliyewahi kupotelewa na begi, mpe begi. Na ile ya kukaa chini ya bahari ukiwa na woga wako wa tangu utotoni, hiyo usiigawe hovyo. Itunze kwa mtu mmoja au wawili ambao walikuwepo ulipokuwa ukililia ufuo.

Hapo utaona kwamba ile hati yako ndefu ya tangu uwanja wa ndege haina kazi kwao. Iandike ukipenda, kwa ajili yako, lakini ruka uwanja wa ndege! Anza na siku ile unayoiona vizuri ukifumba macho, kisha rukia nyingine, bila kujali ipi ilitangulia. Ibn Battuta mwenyewe hakukaa peke yake na kalamu. Sultani wa Moroko aliagiza, mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akaandika huku yeye anasimulia, kazi ikakamilika mwaka 1355. Kama kuandika kunakushinda, mtafute mpwa mdadisi akuulize maswali huku simu inarekodi. Maswali ya mtoto hukumbusha mambo ambayo mpangilio wa tarehe haukumbushi.

Hayo madogo nayapitia haraka. Risiti zishughulikie wiki hii, kabla ya picha. Nyingi huchapwa kwenye karatasi inayoandikwa kwa joto, na joto na mwanga huzifuta. Ukizichelewesha utapeleka ofisini karatasi nyeupe. Zipige picha zote leo hii juu ya meza. Kwa picha za safari, hifadhi nakala mahali pengine kabla hujafuta hata moja. Kama ulibeba kamera pamoja na simu, ujue simu nyingi hujirekebisha saa zenyewe ukivuka majira na kamera nyingi hazifanyi hivyo, kwa hiyo ukizichanganya utajikuta unakula chakula cha jioni kabla ya jua kuchomoza. Rekebisha saa za kamera kwanza, ndipo upange. Halafu chagua chache sana. Mtumie kila mtu picha moja inayomhusu, yenye neno lako chini yake, basi. Binamu ndiye pekee anayestahili kupata za harusi zote. Wale uliowaahidi "nitakusimulia yote", wape simu fupi, uliza za kwao, ahadi itajifia yenyewe bila kelele.

Na ile huzuni ya kurudi ukaona kila kitu kidogo, isikutishe. Inajulikana siku nyingi. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn waliandika kwamba anayerejea kwao hupitia mawimbi yaleyale aliyoyapitia ugenini, furaha kwanza kisha kuporomoka, kabla ya kuzoea tena. Kwa kawaida hupita. Isipopita, au ukianza kukosa hamu ya kula na ya kuonana na watu hata homa ikiisha, hilo nalo ni la daktari.

Mwaliko wa mwezi ujao: sikukatazi. Ila usijibu wiki hii. Majibu ya kipimo yatoke, kama ni malaria dozi iishe na daktari akuruhusu. Pia waulize hao wenzako wa kambini kama kuna mwingine anayetoka jasho usiku, maana mlilala kando ya ziwa lilelile, na huenda naye anasingizia saa saba.